Dohani ni Choo cha Moto

Julai iliyopita nilikwenda msibani Makete, huko ambako asubuhi za kipupwe sakitu hulala juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagwa. Usiku wa kwanza wageni kumi na mmoja tulilazwa sebuleni, watoto wanne wakiwamo. Mikeka ikatandikwa, mablanketi yakagawanywa, na ilipotimu saa nne mwenye nyumba akasukuma ndani hita ya gesi yenye magurudumu, mtungi umefichwa mgongoni mwake, vigae vitatu vya mbele vikiwaka vyekundu. Akafunga madirisha yote. Kisha akakunja kitenge akaziba upenyo wa chini ya mlango, kwa upendo kabisa, kama mama anayemfunika mtoto.

Niliomba tuache dirisha moja wazi. "Mwanangu," akaniambia, "huu si mkaa. Hii ni nishati safi. Haina moshi, haina harufu, na dukani wamenihakikishia kwamba haihitaji bomba." Baba mdogo, aliyekwisha kujifunika hadi masikioni, akadakia kutoka mkekani: "Sisi tumezaliwa moto ukiwa ndani ya nyumba, na tumezeeka nao."

Saa nane usiku niliamka kichwa kikigonga na magoti yamelegea. Mtoto mmoja alikuwa ametapika. Shangazi alikuwa ameketi, ameshika paji la uso. Nilizima hita, nikafungua mlango na madirisha, na baridi ikaingia pamoja na manung'uniko ya waliokuwa wamelala. Asubuhi lawama ziliangukia maharage ya jana. Hakuna aliyekufa, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna aliyetaka kunisikiliza.

Maneno ya usiku ule si ya nyumba ile peke yake. Nimeyasikia Njombe na Mafinga, nimeyasikia Limuru, na nimeyasikia kwa simu kutoka kwa ndugu waliohamia Kentucky na Ohio. Kila mtu huyasema kwa namna yake, lakini wazo ni lile lile: moto usiotoa moshi hauna madhara, kwa hiyo hauhitaji njia ya kutolea chochote. Wazo hilo ni la uongo, na ninaandika kulipinga kwa sababu kila msimu wa baridi kuna nyumba ambayo watu hulala wakiliamini na hawaamki.

Nianze na neno safi, maana humo ndimo kosa lilimozaliwa. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na moshi wa kuni na mkaa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama yangu ni wa kizazi kilichopuliza kuni kila siku, na kikohozi chake ninakijua kama ninavyoijua sauti yake. Mtu akimwondoa mwanamke kwenye mafiga akampa jiko la gesi, amemtendea wema.

Lakini jina la mkakati ule tulisome hadi mwisho: nishati safi ya kupikia. Anayepika yuko macho. Anauona mwali, anaisikia harufu ya gesi ikivuja, mlango wa jikoni uko wazi, na baada ya nusu saa au saa moja anazima. Anayeota moto hukaa nao saa nyingi, huziba kila tundu ili joto lisitoroke, halafu hulala usingizi. Tumelichukua neno lililotolewa kwa ajili ya sufuria tukalipeleka kitandani, na hakuna aliyetuuliza kama linafaa huko. Gesi ni safi ukiilinganisha na kuni. Ukiilinganisha na hewa ya kupumua, si safi hata kidogo.

Moto ni kama kiumbe hai katika jambo moja: hula, na kila kinachokula hutoa taka. Gesi ya mitungi yetu ni propani na butani. Kilo moja yake ikiungua vizuri kabisa, bila kasoro yoyote, hula karibu kilo tatu na nusu za oksijeni kutoka hewani, na hutoa takriban kilo tatu za hewa ukaa na kilo moja na nusu ya maji yaliyo katika hali ya mvuke. Hayo ndiyo matokeo ya moto mzuri, mwali wa bluu ambao kila muuzaji anausifia. Moto mbaya huongeza mengine.

Sasa tuipime hita ya vigae vitatu kama ile ya msibani. Kwa kawaida hutoa kilowati 4.2 ikiwashwa yote, na hutumia kiasi cha gramu 300 za gesi kwa saa. Iache iwake saa nane za usiku: imechoma kilo 2.4, imemwaga hewani karibu lita nne za maji na kilo saba za hewa ukaa. Lita nne za maji! Halafu mtu anaamka anakuta vioo vinatiririka, pembe za dari zimeota kuvu nyeusi, nguo kabatini zinanuka uvundo, anamwita fundi wa bati aje atafute panapovuja. Paa halivuji. Mvua ilinyesha ndani.

Na oksijeni je? Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, urefu wa mita mbili na nusu. Kama hewa haibadilishwi kabisa, hita hiyo ndani ya saa moja itaishusha oksijeni kutoka karibu asilimia 21 hadi chini ya 18, na hewa ukaa itapita asilimia 2. Viwandani na maofisini kiwango kinachokubalika kwa siku ya kazi ni asilimia 0.5. Najua, hakuna chumba kisichopitisha hewa kabisa. Hesabu hii ni ya chumba kilichozibwa. Lakini je, yule mzee alipokunja kitenge akakisukuma chini ya mlango, alikuwa anafanya nini kama si kukisogeza chumba chake karibu na hesabu yangu?

Ndiyo maana wahenga wa ujenzi waliweka dohani. Dohani ni choo cha moto. Nyumba isiyo na choo inaweza kuwa na sakafu inayong'aa na mapazia ya hariri, lakini mgeni akikaa siku mbili atajua. Tofauti ni kwamba taka za moto huu hazionekani na nyingi hazina harufu, kwa hiyo mgeni hajui.

Wapinzani wangu hawaishii hapo. Wenye kusoma vitabu vya maelekezo, na ninawaheshimu kwa kusoma, huniambia: "Hita hizi zina kihisi. Oksijeni ikipungua, inajizima yenyewe." Hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, na inastahili jibu refu.

Ni kweli kihisi kipo, na kimeokoa watu wengi. Ni moto mdogo unaowaka muda wote, umeelekezwa kwenye kijiti cha metali kinachosikia joto. Oksijeni ikipungua, ule moto mdogo huinuka na kukiacha kijiti. Kijiti kikipoa, vali hufunga gesi. Hutegwa ufanye hivyo oksijeni ikifika karibu asilimia 18. Ni ubunifu wa kupendeza. Lakini angalia kinachopimwa: oksijeni tu. Kihisi hicho hakijui lolote kuhusu kaboni monoksidi, ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka moto unapoungua vibaya. Kama chumba kina upenyo wa kutosha oksijeni ibaki asilimia 20, na wakati huohuo kichomeo kimejaa vumbi na nywele za paka, kaboni monoksidi inaweza kutoka usiku kucha na kihisi kikatulia tuli. Kimeajiriwa kulinda mlango mmoja, mwizi akaingilia mwingine.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Njombe mjini ni takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Limuru na Kitulo hupita hapo. Kwenye mwinuko huo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Vitabu vingi vya mashine hizi hutaja mwinuko ambao haupaswi kuzidi, kwa sababu ule moto mdogo umetegwa kwa hewa nzito ya chini. Ukiipeleka hita milimani inaweza kuwa inajizima kila mara bila sababu inayoonekana, na tunajua kinachofuata: anaitwa fundi aondoe usumbufu. Akikibana kile kijiti au akikiruka kwa waya, usumbufu umeondoka, na mlinzi ameondoka nao. Na mwili nao uko mlimani. Mtu ambaye damu yake tayari inahangaikia oksijeni huumizwa na kaboni monoksidi kidogo kuliko ile ambayo ingemuumiza pwani.

Mashine hizi zimevalishwa sura nzuri kuliko zote huko Marekani. Huko si kisanduku chenye magurudumu. Ni meko kamili ukutani, magogo ya bandia yaliyofinyangwa kwa kauri, miali ya njano ikicheza katikati yake, na hakuna dohani wala bomba. Ndugu zetu wanaofika huko kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, kutoka Kongo na Burundi, huyakuta katika nyumba za kupanga, wakapendezwa. Hufanana na moto wa nyumbani. Matangazo husema ufanisi wake ni asilimia 99, na hapo msomaji hudhani ameuziwa muujiza. Hakuna muujiza. Joto lote linabaki ndani kwa sababu taka zote zinabaki ndani. Meko yenye bomba hupoteza sehemu ya joto lake nje, na sehemu hiyo ndiyo nauli ya kusafirishia uchafu.

Miali ile ya njano nayo ina lake. Mwali wa bluu ni wa gesi iliyopata hewa ya kutosha. Njano ni chembe za kaboni ambazo bado hazijaungua, zinang'aa kwa joto. Watengenezaji huipata njano hiyo kwa kuruhusu moto uguse magogo kwa kipimo walichokijaribu maabara. Gogo likisogezwa vidole viwili ili sebule ipendeze zaidi, mwali unagonga mahali pasipopangwa, masizi yanaanza kupaka ukuta, na kaboni monoksidi inapanda. Mwenye nyumba hajavunja kitu, hajakiuka chochote anachokijua. Amepanga tu magogo yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwahi kupima hewa katika nyumba 30 zenye meko haya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Katika nyumba nyingi kati ya hizo, nitrojeni dioksidi ilipita kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekiweka kwa saa moja. Katika baadhi, kaboni monoksidi nayo ilivuka mipaka. Hapo ndipo hoja ya moto safi inapovunjika mguu. Nitrojeni dioksidi haitokani na gesi kuungua vibaya. Inatokana na joto la mwali kuzilazimisha nitrojeni na oksijeni za hewa ya kawaida ziungane. Moto mkamilifu, wa bluu, uliosafishwa na fundi bora, bado utaitengeneza, na kihisi hakitauzima kwa ajili hiyo. Hewa hiyo huchoma njia za pumzi, na wa kwanza kuisikia ni mtoto mwenye pumu.

Kanada na jimbo la California haziruhusu meko haya katika nyumba za kuishi. Majimbo mengi ya Marekani huyaruhusu, lakini hata huko kanuni zinazotumika sana huweka mipaka: chumba cha kulala kisizidi BTU 10,000 kwa saa, bafu lisizidi 6,000, na mashine iwe imefungwa ukutani. Hita ya Makete, kwa kilowati zake 4.2, hutoa zaidi ya BTU 14,000. Kwa maneno mengine, nchi inayoyatetea meko haya kuliko nyingine yoyote isingekubali kile tulichofanyiwa wageni wale kumi na mmoja.

Sasa nimrudie baba mdogo, kwa heshima, kwa sababu hoja yake ina ukweli ndani yake. Babu zetu walilala na moto. Lakini walilala katika nyumba gani? Paa lilikuwa la nyasi, na nyasi hupumua. Kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya ambao ndege aliweza kupita. Moshi ulipanda, ukatanda juu ya vichwa, ukachuja nje pole pole, na taarifa yake ilikuwa machoni: ukizidi, watu wanakohoa, wanatoka. Nyumba nzima ilikuwa dohani. Nyumba ya mwenyeji wetu ina matofali na plasta, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye mpira pembeni. Ni nyumba nzuri, ameijenga kwa jasho. Tumeuchukua moto wa babu tukaacha paa lake nyuma. Na tusiseme babu hakulipa chochote. Macho mekundu ya bibi zetu na vifua vyao vilikuwa malipo.

Wazo lile lile ndilo linalowaua wenye mkaa, na kwa mkaa ni baya mara nyingi zaidi. Watu huwasha jiko nje, wanangoja moshi uishe, mkaa "uive", kisha wanaliingiza chumbani wakiamini sumu imebaki uani. Kinyume chake ndicho sahihi. Hewa inayoingia chini ya jiko huunguza mkaa na kuwa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo ikipanda kupitia makaa mekundu hugeuka kuwa kaboni monoksidi. Zile ndimi za bluu zinazochezacheza juu ya mkaa ulioiva, ambazo watoto hupenda kuzitazama, ni kaboni monoksidi inayoungua. Ndimi zikizimika na makaa yakabaki mekundu chini ya jivu, hewa hiyo haiungui tena. Inatoka kama ilivyo. Kwa hiyo saa ambayo jiko huonekana pole kuliko zote, saa ambayo mama hulisogeza karibu na kitanda cha mtoto, ndiyo saa yake mbaya. Hapa hakuna kihisi, hakuna vali, hakuna chochote.

"Basi fungua dirisha kidogo," wanasema wapatanishi. Nami nasema dirisha ni bora kuliko kitenge chini ya mlango. Lakini usalama unaotegemea dirisha hutegemea mtu wa saa tisa za usiku, na mtu huyo ana baridi, ana usingizi, na mkono wake uko karibu na komeo. Atalifunga. Mvua ikipiga upande huo atalifunga. Akihofia wezi atalifunga kabla hata ya kulala. Bomba lililojengwa ukutani halisikii baridi na haliogopi wezi. Isitoshe, hewa ya baridi ikiruhusiwa kuingia ya kutosha kuondoa taka, ile asilimia 99 uliyoilipia inatoka nayo. Unarudi kwenye dohani, dohani mbovu isiyo na bomba.

Kuna swali ambalo huulizwa kwa sauti ya ushindi: mbona tumetumia miaka mitano na hatujafa? Naomba anayeuliza akumbuke asubuhi zake. Kaboni monoksidi hushika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Kwetu dalili hizo zina jina moja tu, malaria, na kama kipimo kinakataa, basi ni uchovu, au chakula, au jirani mwenye kijicho. Ni wangapi wamekunywa dawa ya malaria kwa ajili ya jiko lao? Kuna ishara za kutofautisha: homa haipo, wote ndani ya nyumba wanaumwa pamoja, na mtu akitoka nje kwa saa kadhaa anapata nafuu, akirudi kulala anaumwa tena. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni hakisaidii hapa, kwa sababu cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Mwanamke mjamzito yuko hatarini zaidi, maana damu ya mtoto tumboni huishika hewa hii kwa nguvu kuliko ya mama.

Na isidhaniwe kwamba ni ajali ya maskini. Septemba 1994 Vitas Gerulaitis, mchezaji tenisi wa Marekani aliyewahi kuwa bingwa wa Australia, alikufa usingizini akiwa na miaka 40 katika nyumba ya wageni huko Southampton, jimbo la New York. Hita ya propani ya bwawa la kuogelea ilikuwa imefungwa vibaya bomba lake, na kaboni monoksidi ikaingia alikolala. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas katika baridi isiyo ya kawaida, hospitali za Houston zilipokea mamia ya watu waliovuta hewa hiyo baada ya kuingiza majiko ya mkaa ndani au kuwasha magari gereji ili wapate joto. Wala dohani yenyewe si hirizi: mwandishi Émile Zola alikufa chumbani mwake Paris mwaka 1902 kwa sababu dohani yake haikuvuta. Choo nacho huzibuliwa.

Basi mtu wa Njombe au wa Kentucky afanye nini, agande? Hapana. Baridi nayo huumiza, hasa wazee na vichanga, na sitamkejeli anayetafuta joto. Ninachosema ni kwamba pesa ya hita isiyo na bomba itafutiwe kazi nyingine kwanza. Kama unajenga, mwambie fundi ajenge dohani kabla ya kupaua; nyumba za zamani za Lushoto na Limuru zinazo, na matofali ya kuzijengea yanachomwa hapa hapa. Kama nyumba imeshajengwa, kuna majiko ya kuni ya chuma yenye bomba linalotoka ukutani au darini. Aliye Marekani atafute meko ya gesi yaliyozibwa kwa kioo, yanayovuta hewa ya nje na kuitolea nje kwa mabomba mawili, moja ndani ya jingine, chumba hakiguswi. Penye umeme wa uhakika, hita ya umeme haina taka ya kutoa ndani. Na kabla ya yote hayo, ziba upepo unaopita juu ya dari, weka zulia, jaza chupa maji ya moto uifunge kwa kitambaa uiweke miguuni. Chupa ya maji ya moto imewatunza wengi kuliko inavyosifiwa.

Kwa ambaye tayari anayo hita isiyo na bomba na hana uwezo wa kubadilisha mwaka huu, sitamwambia aitupe. Itumie ukiwa macho, katika chumba kikubwa kilichoachwa wazi kuelekea vyumba vingine, saa moja au mbili za jioni, kisha izime kabla ya mtu wa kwanza kusinzia. Kamwe isiingie chumba cha kulala wala bafuni. Magogo ya bandia yakae yalipopangwa na kitabu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya kipupwe, isafishwe na mtu anayejua gesi. Mwali ukigeuka njano mahali ulipokuwa bluu, au masizi yakionekana ukutani, izime siku hiyo hiyo. Usianikie nguo juu yake. Mpira wa gesi upakwe povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi, ingawa kuvuja ni hatari nyingine tofauti, na afadhali yenyewe ina harufu. Nunua kengele ya kaboni monoksidi, uiweke karibu na unapolala, uijaribu kila mwezi na uiheshimu tarehe yake ya kuisha. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye moto, fungua, mtoe nje, kisha mpeleke hospitali, na neno la kwanza kwa daktari liwe hili: kulikuwa na moto ndani. Bila neno hilo atapimwa malaria. Akilijua atampa oksijeni, na oksijeni hupunguza sumu damuni kwa nusu katika muda wa kama saa moja hadi saa moja na nusu, badala ya saa nne hadi sita za hewa ya kawaida.

Kwa wauzaji nina ombi. Niliikagua hita ile asubuhi ya pili, watu walipokwenda kuchimba kaburi. Kitabu chake kilikuwa bado kimefungwa kwenye nailoni yake, na hakikuwa na hata mstari wa Kiswahili. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mchoro wa kitanda uliokatwa kwa mstari mwekundu. Aliyemuuzia mzee yule mashine ya joto alimwambia haina moshi, haina harufu, haihitaji bomba, na yote matatu, kwa maana finyu ya mwuza duka, yalikuwa kweli. Namtaka aongeze la nne, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya boksi: usilale nayo.

Nilimwonyesha mzee ule mchoro. Aliutazama kwa muda, akauliza kama nina hakika kitanda ndicho kilichokatwa. Usiku wa pili hita ilikaa barazani, wanaume waliokesha wakaizunguka, na sebuleni tulilala kwa mablanketi, tumebanana, dirisha moja likiwa wazi kiasi cha kiganja. Shangazi alilalamika baridi hadi alfajiri. Hakulalamika kichwa.